Punda wa Kukodi Aliyepanda Gari

Hapo zamani, katika mji wa Shakanda, alikuwako sultani aitwaye Zubeiri, mzuri wa sura na mgumu wa mkono, aliyependa punda kuliko alivyopenda watu. Raia zake walilijua hilo wala hawakumlaumu, maana punda wake walikuwa weupe, warefu, wenye masikio yaliyosimama, tena hawakuwa na malalamiko. Basi siku moja Sultani akaona punda wote wale wanakula bure zizini, akapiga mbiu mjini, kwamba ya nini mtu kuhangaika kununua punda, atoe mali yake yote kwa mara moja, kisha punda amfie mkononi? Na aje akodi wa Sultani, alipe kidogo kidogo kila Ijumaa, na muda ukiisha amrudishe kama alivyomchukua.

Lilikuwa neno tamu, na watu wa Shakanda wanapenda utamu. Wakamiminika. Kile kidogo kidogo kilionekana kidogo kweli, na hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza maana ya yale maneno ya mwisho.

Maana yake aliijua Shebwana, msimamizi wa zizi. Siku ya kukodi, Shebwana humkanyagisha punda kwato zake nne juu ya udongo mbichi wa mfinyanzi, akaukausha ule udongo, akauhifadhi. Siku ya kurudisha, kila ukwato hutiwa tena katika alama yake. Ukicheza hata kidogo, umelika, na aliyekodi hutumika zizini mwaka mzima bila ujira. Na ukwato gani usiolika, jamani, ikiwa punda ametembea? Basi ikawa haikuchukua muda, nusu ya waungwana wa Shakanda wanazoa mavi ya punda, tena kwa adabu zote, wakipishana mlangoni na vikapu vichwani na kupeana sabalkheri.

Palikuwa na mtu mmoja, Pongwa, fukara wa kutupwa, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kusokota kamba za usumba wa nazi na ya pili kusema. Mkewe Mize alikuwa na mimba, yao ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja na kukata tamaa, na Pongwa kwa furaha ulimi ulizidi kumponyoka. Siku moja, akinyolewa, akasema mbele ya watu kwamba mwenye kukodi punda wa Sultani hampandi punda, yeye ndiye humbeba. Watu wakacheka sana. Hata kinyozi hajamaliza upande wa pili wa kichwa, maneno yalikwisha fika kasri.

Akaitwa, akaenda na kichwa chake nusu. Sultani akamtazama, akasema, "Pongwa, nimepata habari kuwa anayekodi punda wangu humbeba. Basi nawe utakodi. Tangu leo mwandamo wa Mfungo Mosi hata mwandamo wa Mfungo Tatu, miezi miwili kamili, kila siku utaniletea gari moja la mawe kutoka machimboni, maana najenga ukuta wa zizi. Gari nitakupa. Na punda wangu aende nawe kila safari, usimfiche nyumbani. Ukimrudisha kama ulivyomchukua, u huru. Ukwato wake ukicheza, zizi ndilo nyumba yako mpaka kufa."

Pongwa akauliza kwa unyenyekevu kama hakuna njia nyingine. Akaambiwa hakuna. Shebwana akamkanyagisha punda udongo, akimtazama Pongwa kama mtu anayepima mahali pa kuweka kitanda, kisha akamkabidhi kamba.

Alipofika nyumbani na kumweleza mkewe, utani wote ulikuwa umemwisha. Njia ya machimboni ilikuwa mawe matupu, na punda yule aliyezoea mchanga laini wa kasri angemaliza kwato zake kabla mwezi haujawa mpevu. Pongwa akaliona tumbo la Mize, akamwona mtoto wake akikua, akioneshwa kwa kidole mtu mwenye kikapu na kuambiwa, yule ndiye baba yako. Akalia, wala hakuona haya kulia.

Mize alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akavua furungu zake za fedha miguuni, akamwekea mapajani, akamwambia kuwa mfinyanzi wa mtaa wa pili anauza punda.

"Mwenzangu, punda si huyu hapa tunaye?" akasema Pongwa.

"Huyu ni mgeni," akasema Mize. "Ana kwao."

Pongwa akakaa akilipima jambo lile. Ule ujira wa Ijumaa angeulipa kwa kamba zake, na kila Ijumaa ikipita isingebaki hata unywele wa mkiani. Furungu nazo zilikuwa mahari ya Mize, zikitoka zimetoka, na uchungu wake ungekuja wote kwa siku moja. Lakini kesho yake punda angekuwa wako, akilika kwato amelika wako, akikupiga teke umepigwa na wako. Basi akaondoka kwenda kwa mfinyanzi.

Punda wa mfinyanzi aliitwa Kisirani, wa rangi ya majivu, sikio moja limekatika, na tabia yake ndiyo iliyompa jina. Pongwa alipewa bila kuvutana sana juu ya bei, jambo ambalo lingemtia shaka mtu mwenye nafasi ya kuchagua.

Asubuhi yake mji ukaona ajabu. Mbele alikuwa Kisirani akikokota gari. Garini yalikuwamo mawe, juu ya mawe mkeka, na juu ya mkeka punda mweupe wa Sultani, amelazwa, miguu imekunjwa chini na kufungwa kwa kamba ya usumba, akitafuna majani mabichi. Nyuma yake Pongwa akisukuma, jasho likimtoka, huku akiwaomba watu wapishe mzigo wa Sultani. Wanawake wakatoka milangoni na unga mikononi. Waungwana wa zizini wakatua vikapu vyao, na kwa mara ya kwanza tangu wafungwe wakacheka mpaka wakashikana.

Shebwana akakimbia kwa Sultani kushitaki. Sultani alikuwa amekwisha ona mwenyewe dirishani, naye akakunja uso, akafikiri, akasema, "Niliagiza mawe, nayo mawe yanakuja. Niliagiza punda aende, naye anakwenda. Mwache. Udongo utasema." Basi ikawa hivyo kila siku, mvua na jua, hata mwezi wa Mfungo Tatu ukaandama.

Siku hiyo Pongwa akafika uani kwa Sultani na gari lake. Mize alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, wakunga wako kwake. Punda akashushwa na watu wanne. Shebwana akaleta udongo uliokauka, akaupandisha ukwato wa kwanza juu ya alama yake, akausukuma. Haukuingia. Akajaribu wa pili, nao vilevile. Akasimama na kutangaza kwa furaha kwamba kwato hazilingani na alama, na Pongwa ni wa zizi.

Hilo Pongwa alikuwa ameliona mapema, kwa kuwa punda asiyetembea kwato zake hurefuka. Akainama akasema, "Maulana, punda wako ni huyu, hakupungua kitu. Kilichozidi kimeota kwa majani yangu, na hicho ni changu. Niazimwe kisu nichukue mali yangu, niwaachie yenu."

Sultani akatikisa kichwa kukubali. Pongwa akachonga kwato taratibu, akapangusa, akazitia katika alama. Zikakaa kimya. Shebwana akasukuma, akavuta, akapiga magoti akachungulia, lakini hazikucheza. Vipande vya kwato Pongwa akavifunga katika shuka yake kama mtu aliyevuna.

Basi Sultani akaamuru punda arudishwe zizini. Punda hakwenda. Wakamvuta, wakamsukuma, wakamwita kwa majina ya mapenzi. Akalala chini, akalitazama gari.

"Ametiwa dosari huyu," akasema Shebwana.

"Dosari gani?" akajibu Pongwa. "Hatua zake zote zimo humo humo, sikutumia hata moja."

Sultani akauma midomo. Punda wake alikuwa juani, ua umejaa watu, na punda pekee aliyefungwa garini ni Kisirani. Akasema kwa sauti ndogo, "Nikodishe huyo wako, amfikishe zizini."

"Kwa furaha, Maulana," akasema Pongwa. "Utalipa kidogo kidogo kila Ijumaa, na utamrudisha kama ulivyomchukua. Shebwana, lete udongo mbichi."

Sultani akazitazama kwato za Kisirani, zilivyochakaa, kisha akatazama njia ya zizini ilivyojaa mawe ya ukuta wake mwenyewe, mawe aliyoyaagiza yeye. Akafumbua kinywa kukataa masharti yale, na alipoyasikia moyoni mwake maneno ya kuyakatalia, kwamba ukwato ukitembea hauna budi kulika, yakawa ndiyo yale yale ambayo waungwana walimlilia kila siku naye hakusikia. Kicheko kikamshika, akacheka mpaka kilemba kikamwinamia usoni, na alipokiinua macho yake yalikuwa na maji. Akaamuru alama zote za udongo zivunjwe, na kila aliyekuwa zizini aende kwao.

Kisha akamwambia Pongwa achague punda mmoja mweupe, awe wake kabisa. Pongwa akashukuru, akasema nyumbani punda yuko, ila miguu ya mke wake imebaki mitupu. Basi furungu zikatafutwa sokoni, akapewa, akatoka mbio na Kisirani nyuma yake, na alipofika mtaani akasikia vigelegele kabla hajaona mlango.

Mtoto alikuwa wa kike. Siku ya arobaini Shebwana alikuja kutoa mkono wa heri, akapita nyuma ya Kisirani bila hadhari, na teke alilolipata halikuwa la kukodi. Hapo ndipo hekaya yangu inapofungwa kamba. Anayeitaka aichukue, wala simdai airudishe kama ilivyokuwa.