Nguchiro na Ghala la Mlimani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mvua gani?

Ya masika, isiyobisha hodi!

Hapo zamani za kale, wanyama walijenga bondeni, kando ya kijito. Nguchiro naye alijenga huko, yeye na mkewe na watoto wao watatu. Kitinda mimba wao aliitwa Tatu.

Kila mwaka kabla ya masika, mjane mmoja, ndege Kanga, aliyetunza ghala la mlimani, alipita nyumba kwa nyumba akiimba:

Wingu halina ndugu, wingu halina jirani,
Mkubwa hata mdogo, apeleke ghalani.

Kisha alisema, "Zibueni mitaro. Kateni matawi makavu yaliyoinamia mapaa. Na kila nyumba ipeleke kikapu cha mtama na mzigo wa nyasi kwenye ghala la mlimani. Aliyepeleka akibomokewa, ghala litamjengea."

Mwaka wa kwanza Nguchiro alizibua mtaro, akapeleka kikapu. Mvua ikanyesha, ikanyesha. Nyumba ya Digidigi ikaanguka, ikajengwa kwa vya ghalani. Ya Nguchiro haikuvuja hata tone.

Mwaka wa pili alipeleka akinung'unika. Mvua ikanyesha, ikanyesha. Mti ukaiponda nyumba ya Nungunungu, ikajengwa. Ya Nguchiro ikasimama vilevile.

Mwaka wa tatu Kanga alipobisha hodi, Nguchiro hakumpa hata kigoda.

"Bi Kanga, miaka miwili nawajengea wenzangu. Mimi nimejengewa nini?"

"Mshukuru Mungu hujajengewa," Kanga akamjibu, akaenda zake.

Mkewe akamsihi, "Mume wangu, peleka. Na mtaro nao umejaa majani."

"Maji hayaijui njia ya kwangu," akasema Nguchiro. Kikapu kikabaki mvunguni.

Masika yakaingia. Siku ya nne, asubuhi, kijito kikageuka kikawa chekundu. Kanga akalia kule mlimani, "Hameni! Hameni!"

Maji yakafika kizingitini. "Tutoke," akasema mke. "Subiri, yatapungua."

Maji yakafika magotini. "Baba watoto, tutoke!" "Subiri, nimesema."

Maji yakafika kiunoni, ukuta ukapasuka kwaa! Ndipo wakatoka mbio. Mama alibeba wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Nguchiro alimshika Tatu kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikumbatia kikapu cha mtama.

Gogo likaja na maji, likampiga. Mkono mmoja ukaachia. Haukuwa ule wa kikapu.

"Baba!" Tatu aliita mara moja tu.

Walimtafuta siku tatu. Hawakumpata.

Siku ya nne Nguchiro akapanda ghalani, macho yamemvimba. Kanga akamfungulia mlango aone mwenyewe.

"Nyumba kumi na moja zimeanguka, Nguchiro. Zote zilipeleka. Nikikupa wewe, nimnyime nani?"

Nguchiro akageuka. Akateremka.

Njiani akawakuta Digidigi na Nungunungu. Kila mmoja amechomoa nyasi kidogo kwenye paa lake mwenyewe. "Jasho lako lilitusitiri," wakasema. "Pokea. Hatuna zaidi."

Zikatosha kibanda, hazikutosha nyumba. Kibanda kikavuja masika yote. Tone likimwangukia mkewe usoni, hakulifuta. Wala hakumlaumu mumewe, hakumsemesha kabisa. Nguchiro alitamani hata atukanwe.

Mwaka wa nne, jua likiwa bado kali, Nguchiro alizibua mtaro, akakata matawi, akapeleka kikapu chake kabla wimbo haujaimbwa. Kanga akakipokea. Akakiweka ghalani.

Basi wenzangu, aliyejiandaa, kisha mvua isimdhuru, hakupata hasara. Mvua ikishafika mlangoni, usibishane nayo: shika watoto, acha vitu.

Hadithi yangu naitua hapa. Anayeitaka na aibebe, asiyeitaka aniachie mwenyewe.