Nguchiro na Mabingwa wa Kufungwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakisoma vyuoni na kulala mabwenini, Chuo cha Bondeni kilikuwa na timu ya mpira ya wanaume. Timu gani hiyo! Tembo golini, Kiboko beki, Nyati mshambuliaji. Ukiwatazama, unaogopa. Wakicheza, unacheka. Msimu mzima walifungwa na kila aliyekuja, hata vyura waliofika uwanjani na homa zao.

Msimu ulipoisha, mkuu wa chuo, Mama Simba, akamwita kocha Twiga.

"Nataka kujua tatizo letu ni nini. Mkishindwa kunieleza leo, ule uwanja naulima mihogo."

Kocha akawauliza wachezaji.

"Jua lilinipiga machoni," Tembo akasema.

"Nyasi ndefu," akasema Kiboko.

"Mwamuzi!" Nyati akafoka. "Yule Fisi hatupendi!"

Kocha akaondoka akitikisa kichwa, akamfuata Mama Simba.

Sasa palikuwa na Nguchiro, mdogo wa timu, ambaye msimu mzima alikaa benchi tu. Akaona uwanja unakwenda, naye hajagusa mpira!

"Kaka zangu," akawanong'oneza, "Mama Simba anatafuta mchezaji mbovu kuliko wote."

"Amfukuze?" Nyati akashtuka.

"Amfukuze wapi! Ampe umeneja. Kazi yake kukaa kivulini, kula miwa na kulaumu wenzake."

"Kulaumu naweza," Kiboko akasema.

Mama Simba alipotokea na kocha, Tembo akaruka mbele, puu!

"Mbovu ni mimi! Bao la vyura lilinikuta golini nakoroma, khrrr!"

"Hebu toka!" Kiboko akamsukuma. "Bao zuri kuliko yote msimu huu nilifunga mimi, tena golini kwetu!"

"Hamjanifikia!" akanguruma Nyati. "Mimi nikikimbia nafumba macho. Ndiyo maana nilimgonga kocha!"

Twiga akajishika shingo. "Lo! Kumbe ni wewe!"

Mama Simba alicheka mpaka akakaa chini.

"Haya, umeneja anapata nani?" Tembo akauliza.

"Umeneja gani?"

Wote wakamgeukia Nguchiro. Alikuwa keshajificha chini ya benchi.

"Jamani, si mmeeleza tatizo?" akasema kwa sauti ndogo.

"Wameeleza," akasema Mama Simba. "Uwanja unabaki. Tembo alale mapema, Kiboko aonyeshwe goli, Nyati afumbue macho. Na wewe, mjanja, utacheza winga."

Msimu mpya ukaanza kwa mechi na vyura. Nguchiro akachomoka, chwii! Akampita huyu, akampita yule, akafika golini peke yake. Kutazama miguuni, mpira kauacha nyuma.

Mechi ikaisha sare, bila bao. Bondeni walivyoshangilia, ungedhani wamebeba kombe.

"Jamani," Nguchiro akasema, "kumbe na mimi ni mbovu!"

Tembo akambeba mgongoni. "Karibu timuni, mdogo wangu."

Basi wanangu, ukitaka kucheza vizuri mwakani, anza kwa kusema ulivyocheza vibaya mwaka huu.