Goti Tuliloliombea

Wapendwa, kaeni. Somo la leo mmeshalisikia na sitalirudia. Nataka kuwasimulia habari ya mtu na mkewe. Msianze kugeuka huku na huku kuwatafuta, hawakai usharika huu, na majina nitakayotumia si yao. Mume tumwite Mbonea. Mke tumwite Nakijwa, ingawa kijijini kila mtu alimwita Mama Kundaeli, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Waliishi juu kabisa milimani, huko Upare, mahali ambapo ukitaka kwenda popote unaanza kwa kuteremka, na ukitaka kurudi kwako unapanda.

Mbonea alikuwa fundi cherehani. Kazi yake aliifanyia barazani, amekaa. Nakijwa alilima tangawizi, na kila Alhamisi aliteremsha kiroba kichwani mpaka barabarani, linakosimama lori la wanunuzi. Ni mwendo wa saa nzima kushuka, na katikati pana mwamba mmoja mrefu usio na njia nyingine.

Niwaambie mapema kwamba Mbonea alikuwa mtu mwema, kwa sababu nawaona wengine mmeshaanza kumkunjia uso. Hakuwa mlevi. Hakuinua mkono wake juu ya mtu. Watoto wote aliwasomesha. Ila alikuwa na timu yake huko Ulaya, katika mji ambao hajawahi kufika, na mwaka huo timu ile ilikuwa imeingia katika hatua ya mtoano ya Kombe la vilabu vya Ulaya.

Kina mama msiofuatilia, ni hivi. Timu zinabaki kumi na sita, kila moja inapangiwa mwenzake. Wanacheza mara mbili, nyumbani kwa huyu na nyumbani kwa yule, mabao yanajumlishwa, na aliyezidiwa anafungasha virago mpaka mwaka mwingine. Kumi na sita wanakuwa nane, nane wanakuwa wanne, mpaka wanabaki wawili wa fainali. Inaanza mwezi wa pili na kuisha karibu na wa sita. Mtu anayependa timu yake, miezi hiyo hali chakula kwa amani. Vijana mnacheka kwa sababu mnajijua.

Sasa timu ya Mbonea ilikuwa na mshambuliaji mrefu mno. Pale barazani walimpachika jina la Mlingoti. Katika mechi ya kwanza kabisa ya mtoano, mwezi wa pili, Mlingoti aliruka kupiga kichwa, akatua vibaya, akatolewa uwanjani amebebwa. Goti.

Kuanzia kesho yake asubuhi Mbonea akawa daktari. Mteja akileta suruali kupunguzwa, kabla hajapimwa kiuno anaelezwa habari za goti.

"Ni la kushoto," anasema, huku akishika la kwake mwenyewe. "Kano ya upande wa ndani. Haikukatika, imechanika kidogo. Wiki nane. Marudiano hayupo, robo fainali ya kwanza hayupo. Akiwahi sana, robo fainali ya pili."

"Sasa tutaponaje bila yeye?"

"Tutajibana tu, ndugu yangu. Tumuombe Mungu."

Wapendwa, hakusema kwa mzaha. Siku ya jumuiya, waumini wa mtaa ule walikutana nyumbani kwake mwenyewe kwa sala. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye ombi. Mmoja akaombea mvua. Mwingine akaombea mtoto aliyekuwa anafanya mtihani. Mbonea akasafisha koo akasema, "Mimi ninaomba tumkumbuke kijana mmoja, yuko mbali, ameumia goti."

Watu wakahuzunika. Walidhani ni mpwa wake. Mchungaji akaomba kwa kirefu, akamtaja kijana huyo, akalitaja goti, akamsihi Mungu anyooshe mkono wake mpaka huko mbali. Na wote wakasema amina. Nakijwa naye, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, akasema amina.

Ameketije kwenye mkeka ule? Amenyoosha mguu mmoja mbele, umekaza kama mti. Nani alimuona? Tulikuwa tumefumba macho.

Maana goti la Nakijwa lilikuwa linauma tangu mwezi wa kwanza. Lilianza siku waliyobeba mbolea kwenda shamba la juu. Aliteleza, akasikia kitu kimelia ndani, akainuka, akaendelea kubeba. Jioni lilivimba. Akalikanda kwa maji ya chumvi, kesho yake akashika jembe. Alimwambia mumewe mara moja, na mara hiyo moja aliingoja. Alingoja mpaka mteja wa mwisho ameondoka, akaja barazani akasimama kando ya cherehani.

"Baba Kundaeli, hili goti langu naona si la kawaida."

Redio ilikuwa inasoma habari za michezo. Mbonea akainua kidole, akimwomba angoje kidogo. "Chua kwa ile dawa ya rangi ya kijani, Mama Kundaeli, iko kabatini. Ngoja kwanza nisikie hapa, wanamtaja Mlingoti."

Alingoja. Habari zikaisha, yakaja matangazo ya biashara, na mumewe akarudi kwenye mshono wake. Nakijwa akaenda kabatini. Ile chupa ilikuwa tupu.

Hakusema tena. Kwa nini? Niliwahi kujiuliza hivyo. Nadhani mtu akishapima mara moja nafasi aliyonayo katika sikio la mwenzake, hapendi kupima mara ya pili.

Timu ikajibana, kama alivyosema, ikapenya. Ikaingia nane bora. Mlingoti akarudi katika marudiano ya robo fainali, akaingia kipindi cha pili, akafunga bao lililowapeleka nusu fainali. Hiyo ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nne, masika yameshika, milima yote inavuja maji. Jumatano Mbonea hakushona hata nguo moja kwa furaha. Alhamisi Nakijwa akajitwika kiroba chake akateremka. Pale kwenye mwamba akaanguka.

Vijana wanne walimbeba kwa machela mpaka barabarani, akapakiwa kwenye lori la tangawizi, akapelekwa hospitali ya mjini. Mbonea alikimbia nyuma yao mteremko mzima, mita ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alikwenda naye, na jirani yao mmoja, Mama Eliapenda, akakwea humohumo kwenye lori.

Daktari alikuwa binti, umri wa mtoto wao. Nakijwa alikuwa amepelekwa kupigwa picha, kwa hiyo daktari akatoka na karatasi yake akawauliza waliokuwa kwenye benchi.

"Nani ni ndugu wa mgonjwa?"

"Mimi ni mumewe," Mbonea akasema, akasimama.

"Baba, shikamoo. Hili goti halikuumia leo tu, lina jeraha la zamani. Lilianza kumsumbua lini?"

Mbonea akafungua mdomo. Mtu aliyeweza kukutajia siku na dakika aliyoumia Mlingoti, na mguu aliotua nao. Akafumba mdomo.

"Kwa kukisia tu," daktari akasema. "Wiki? Mwezi? Na kabla ya leo alikuwa anaweza kulikunja?"

Jirani ndiye aliyejibu.

"Tangu mwezi wa kwanza, daktari. Halikunjiki. Pale kwenye mwamba huteremka kinyumenyume, anashika mawe kwa mikono. Kijiji kizima tunamuona."

Daktari aliandika. Kisha akamtazama Mbonea, bila ukali wowote, akasema, "Baba, akitoka kwenye picha nenda ukakae naye. Muulize taratibu. Halafu uje unieleze, nahitaji kujua zaidi."

Akaenda, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Akasema, "Mama Kundaeli, niambie. Lilianzaje?"

Na yule mama akaeleza yote. Mbolea, sauti aliyoisikia ndani ya goti, uvimbe, mwamba. Alieleza bila kulaumu, kama mtu anayesimulia habari za mtu mwingine. Alipomaliza akamgeukia mumewe.

"Na yule Mlingoti wako? Ulisema wiki nane, nami naona zimekwisha tisa. Juma hili nilishinda shambani, sijakusikia ukimtaja. Amepona kweli?"

Mbonea akasema, kwa shida, "Amepona. Juzi amefunga bao."

"Namshukuru Mungu," Nakijwa akasema. "Siku ile ya jumuiya nilimuombea kwa moyo wote. Nilikuwa najua jinsi goti linavyouma."

Mbonea akafunika uso kwa ile mita iliyokuwa shingoni mwake, akalia mle wodini mbele za watu.

Goti lile lilitibiwa, lakini lilikuwa limechelewa. Mpaka leo mama yule anatembea na fimbo, na mwamba hapandi bila kushikwa mkono. Tangawizi sasa huteremshwa na Mbonea. Mpira hakuacha, wala hakuna aliyemwambia aache. Fainali ilichezwa na timu yake ikachukua kombe. Nilipomuuliza aliionaje, aliniambia hakuiona. Jioni ile Nakijwa alitaka kujaribu kutembea kutoka mlangoni mpaka jikoni bila fimbo, na alihitaji mtu wa kutembea kando yake.

Sasa nawaona. Wake mnawatazama waume zenu kwa pembe ya jicho. Vijana mnasema moyoni, leo mchungaji ameamua kuupiga mpira vita. Hapana. Mbonea nimeshamaliza habari zake. Yeye alilia, akatubu, akabeba kiroba.

Nimebaki na yule mchungaji.

Yule mchungaji aliyeombea goti kwa kirefu hatua nne kutoka kwa mwanamke asiyeweza kukunja mguu, alikuwa mimi. Na si hilo tu. Pasaka ya mwaka ule, watu walipokuja mbele kupokea meza ya Bwana, wote walipiga magoti isipokuwa Nakijwa. Alipokea amesimama. Mimi nikaona kiburi. Jumapili iliyofuata nikapanda mimbari kama hii nikasema, wapo Wakristo siku hizi wanaipokea meza ya Bwana wamesimama, kana kwamba wako foleni ya dukani. Watu wakacheka. Yeye alikuwa benchi la tatu. Aliinamisha kichwa, na siku ile pia akasema amina.

Nilikuwa na elimu ya chuo, wapendwa. Ningeweza kuwatajia wafalme wa kale kwa majina yao na miaka ya utawala wao. Goti lililokuwa benchi la tatu sikulijua, na nililihubiri vibaya.

Tunajua mengi sana sisi. Tunajua nani amegombana na nani katika serikali ya nchi nyingine. Tunajua mtu maarufu amekula nini asubuhi, kwa sababu ametutumia picha. Na aliyelala upande wa pili wa ukuta wetu? Na huyo uliyekuja naye leo kwa njia moja, mkizungumza mwendo wote? Sisemi tusiwaombee walio mbali. Mungu husikia, na yule kijana wa Ulaya alipona. Nasema walio karibu wanatuombea sisi na mambo yetu, nasi hata hatujui walikoumia.

Kwa hiyo leo sitaomba kwanza. Kila mmoja amgeukie aliye karibu naye. Usimuulize hujambo, maana atakujibu sijambo hata kama hajalala siku tatu. Muulize ni wapi panauma. Halafu unyamaze, usimpe dawa, usimpe ushauri, umsikilize mpaka amalize.

Wanakwaya, ngojeni kidogo. Mzee wa kanisa, tafadhali iache hiyo saa.

Mimi nashuka hapa. Naenda kuketi benchi la tatu.