Vikapu Vinne vya Popo

Kaeni vizuri, na mwenye kiu anywe kabisa, maana mwaka ninaousema mto wa Simba ulikauka kau! Maji yalibaki ng'ambo ya kilima tu. Tembo alikuwa ameyazuia kwa gogo, akaahidi, "Mkizidiwa niiteni, nitaliondoa."

Wa kuita alikuwa Popo, mkazi wa pango la kilimani, ambaye sauti yake ilipaa hewani hadi ng'ambo. Lakini mdomo ni mmoja, hivyo alitangaza ujumbe mmoja mmoja. Wanyama walikwaruza maneno yao kwenye majani, na Simba akaamuru vitundikwe vikapu vinne kwenye kamba moja mlangoni mwa pango, kimoja chini ya kingine.

"Cha juu ni cha mambo ya uhai," alinguruma, "na cha chini kabisa ni cha porojo. Popo aanzie juu. Nimesema mimi!" Msimamizi akawekwa Sungura.

Asubuhi moja watoto wa Sungura walikuwa na kiu hata kulia hawawezi. Sungura akakwaruza, "Tembo, fungua maji!" Akalitia jani kikapu cha juu, akatega masikio.

"Fisi anawasalimu binamu zake!" aliita Popo. "Fisi anauliza, mna mfupa? Fisi anauliza tena, mfupa upo?"

"Haki ya nani!" Sungura aliruka. "Mfupa unatangulia maji?"

Simba naye alifika akihema. "Sungura, maji yasipofika kabla ya adhuhuri, ngozi yako nitaikalia."

"Pole, ndugu yangu," Fisi alisema, cheko limemjaa mdomoni. "Labda Popo amezeeka." Kisha akadondosha jani jingine kikapu cha chini, akaenda kuchuma mengine.

Sungura aliogopa, lakini akili haikumtoka. Alivimwaga vikapu vyote pembeni, akatia kila kimoja jani lililokwaruzwa namba: "Moja" kikapu cha juu, "Mbili" cha pili, hadi "Nne" kikapu cha chini.

"Nne!" aliita Popo. "Tatu! Mbili! Moja!"

Sungura akaingia pangoni mbio. "Mzee Popo, si uliambiwa uanzie juu?"

"Naanzia juu kila siku," Popo alijibu kwa uchungu. "Mnanionea tu."

Sungura akamtazama vizuri. Popo alikuwa amening'inia, kichwa chini, miguu juu. Loo! Sungura akajipindua, akasimama kwa kichwa, na kweli, kikapu cha porojo kilikuwa juu kuliko vyote! Alicheka mpaka akaanguka chali.

"Mzee wangu, kuanzia leo anza na kikapu kilicho karibu na miguu yako."

"Hilo tu? Si mngesema mapema!"

Sungura akarudisha kila jani mahali pake. Mara hiyo hiyo Popo akapaza sauti, "Tembo, fungua maji!" Gogo likaondolewa, na maji yakaja yakivuma. Watoto wa Sungura walijitumbukiza, wakanywa, wakapiga chafya za maji, wakanywa tena. Hata Mfalme Simba aliruka ndani, akaibuka manyoya yamemganda usoni, na safari hii wote walithubutu kucheka.

Katikati ya furaha hiyo, Popo mwingine, mtangazaji wa ng'ambo, akaita, "Fisi! Binamu zako wamepata pundamilia. Wakuachie paja? Jibu haraka!"

Fisi mate yakamchuruzika. Akakwaruza, "Niachieni!" na kwa mazoea akalitia kikapu cha chini, nyuma ya rundo la majani yake mwenyewe. Shukrani za maji zikatangulia. Kisha yakafuata majani yake, "Fisi anauliza, mna mfupa? Fisi anauliza tena, mfupa upo?" mara arobaini. Jibu lake lilipotoka hatimaye, binamu wakasema, "Umechelewa. Tumemaliza mpaka kwato."

Fisi akamkimbilia Simba huku analia. "Nimedhulumiwa! Kikapu cha chini ndicho kinachotangulia! Miezi miwili kinatangulia!"

Wote wakamgeukia.

"Miezi miwili, Bwana Fisi?" Sungura aliuliza polepole, mtoto wake aliyelowa maji akiwa kifuani. "Ulijua miezi miwili, na wanangu wanakauka?"

Fisi akafumba mdomo, lakini maneno yalikwisha kutoka. Simba akamhukumu awapandishie wenzake majani yao kilimani kila siku, na lake litiwe mwisho. Anapanda hadi leo, na kila akifika juu hulikumbuka lile paja. Angelisema kosa siku aliyoliona, watoto wangekunywa mapema, na yeye angejua kikapu cha kutia jibu lake.