Hisa za Mlima wa Sultani

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko mbu, alikuwako Mwinyikombo, dalali wa mbuzi, ambaye kwa ufukara wake hakuwa na mali ila beberu mmoja mwenye ndevu nzuri kuliko za kadhi.

Basi Waziri Nasibu akamwambia Sultani Harubu ya kuwa mlima ulio nyuma ya mji una urani, jiwe la manjano lenye moto ndani yake, na vanadi, ambayo ikitiwa katika chuma upanga haupindiki. Ikaundwa kampuni ndogo, ikapigwa mbiu: kila nyumba itoe mbuzi mmoja, ipewe hisa moja, yaani karatasi yenye muhuri. Watu wakatoa, zizi la Sultani likafurika. Mwinyikombo peke yake hakutoa, akaitwa barazani pamoja na beberu wake.

"Ewe mkaidi," akasema Sultani, "wajigamba kuwa hapana dalali mfano wako. Haya, taja thamani ya hisa moja. Ukiipunja, mbuzi huyu ni kitoweo changu cha leo. Ukiizidisha, utainunua wewe kwa bei hiyo hiyo, na mbuzi atakuwa arubuni."

Mwinyikombo alimpenda beberu yule kama mwana. Lakini ulimi wa dalali haukauki.

"Ee Bwana wangu, sisi mnadani hatutaji bei ya mbuzi mwenye mimba kabla ya kumpapasa tumbo. Mlima huu nani ameupapasa?"

Waziri akadakia, "Haujachimbwa bado, juha wee! Lakini mimi nimeutazama kwa mbali, nikajua umebeba."

"Ahsante, Waziri. Basi bei nimeipata. Hisa moja ya madini yaliyo tumboni mwa mlima ni sawasawa na mtoto aliye tumboni mwa mbuzi wangu huyu. Siku mlima utakapozaa, nami nitaleta kitoto, mkono kwa mkono."

Sultani akaona ni haki, akanyoosha mkono apige muhuri, kisha akainama kumtazama mbuzi vizuri.

"Mwinyikombo! Mbona huyu ni dume?"

"Dume, Bwana wangu, tena la mbegu. Lakini nimemtazama kwa mbali, nikajua amebeba."

Sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka. Alipopata pumzi akaamuru mbuzi wote warudishwe kwa wenyewe, naye Waziri akapewa sururu akaupapase mlima mwenyewe. Ikawa kila Ijumaa Mwinyikombo humpitia na beberu wake, akamwuliza kwa upole, "Vipi, Waziri, uchungu umeanza?"