Mzee Aliyebeba Kengele

Sogeeni, na aliyeshika simu aiweke kifudifudi. Leo siwapi hadithi ya kulalia, nawapa kesi. Mwisho wake nitawauliza swali, na yule mwenye haraka ya kujibu kabla sijamaliza atoke nje akasubiri na mbuzi.

Kando ya reli palikuwa na mtaa unaitwa Mataruma. Katika mtaa huo waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake, na kila mmoja akiwadharau wenzake wawili kwa moyo wake wote.

Wa kwanza alikuwa Tunu, mjane, mwenye banda la video. Kipaji chake kilikuwa jicho. Angeinamia gunia la CD kuukuu sokoni, zilizokwaruzika na zisizo na majalada, akatoka na moja tu, na hiyo moja ikawa na kitu. Alizitazama asubuhi, peke yake, sauti amezima. "Uso wa mtu hauhitaji mkalimani," alipenda kusema. Usiku alitandika godoro nyuma ya runinga akalala humohumo bandani, maana nyumba nyingine hakuwa nayo.

Wa pili alikuwa Chande, na kipaji chake kilikuwa mdomo. Huyu ndiye aliyekaa pembeni ya runinga na kipaza sauti, akiwatafsiria watazamaji filamu za nchi zote duniani. Msidhani alijua lugha. Hakujua hata moja zaidi ya hii tunayoongea. Chini ya kioo alibandika kitambaa cheusi kufunika yale maandishi ya Kiingereza yanayopita, kama wafanyavyo watafsiri wenzake, asije akatokea mjuaji mmoja aliyeonja sekondari akaanza kubisha. Halafu akasema lolote lililomjia, na watu wakacheka, wakalia, wakarudi kesho. Tunu alimweka kwa sababu watu walimpenda, akamdharau kwa sababu hiyohiyo. "Kasuku ana nafuu," alisema, "yeye angalau hurudia alichosikia."

Wa tatu alikuwa Mgeni, muuza vitumbua, na kipaji chake kilikuwa kusimulia. Kiingilio hakuwahi kulipa. Alisimama mlangoni na beseni lake kichwani kana kwamba anapita tu, na akapita hivyo mpaka filamu ikaisha. Baada ya hapo aliibeba hadi bombani, hadi saluni, hadi msibani, na kila alipofika aliitia chumvi. Aliyeiona filamu akimsikia Mgeni alijiona kama hakuiona. Chande alimwita redio mbao. Tunu hakumwita jina lolote, alikuwa akilitazama tu lile beseni.

Basi, mtaa ule ukashikwa na homa ya utakatifu. Shehe na mchungaji, ambao miaka yote hawakuwahi kukubaliana hata siku ya kufagia mfereji, wakakubaliana jambo moja: mabanda ya video yanaharibu watu. Ikaundwa Kamati ya Maadili. Na mnajua kamati ya namna hiyo hukusanya watu gani: wale waliokwisha kukosa nafasi ya kufanya dhambi.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Bwana Kidunda, mtu asiyeweza kusema ndiyo wala hapana bila kwanza kuangalia nani yuko nyuma yake. Akatangaza: mabanda yote yatabomolewa mwisho wa mwezi. Filamu zitaonyeshwa katika ukumbi wa mtaa peke yake, na ni zile tu zinazogusa roho. Orodha yake wataitunga wananchi wenyewe kwa kura. Na ufunguo wa ukumbi, pamoja na chumba kilichoko nyuma yake, atapewa mtu mmoja, yule ambaye bila yeye filamu itakayoongoza isingewafikia wananchi. Alipomaliza kutangaza akaenda kula, akijiona mwerevu kupita kiasi.

Kwa wengine ufunguo ule ulikuwa heshima. Kwa Tunu ulikuwa paa. Banda likibomolewa, angelala wapi? Kwa shemeji yake, ambaye tangu mazishi alikuwa akimwita "yule mwanamke"?

Mngeona upigaji kura wenyewe! Kila filamu iliwekewa kopo, na kila siku hadi mwisho wa mwezi kila mkazi akapewa punje ya mahindi atumbukize. Asubuhi ya kwanza kuku wa mchungaji wakaingia, wakazila kura za filamu za manabii. Ikabidi kurudia kwa kokoto. Na watu waliokesha mwaka mzima wakishangilia ngumi na mapanga wakaja wamevaa kanzu na vitenge vya Jumapili, wakazipigia kura filamu za watu wenye ndevu za pamba ambazo hawakuwahi kuzitazama hata dakika moja, kwa kuwa jirani alikuwa akiangalia mkono unakwenda kopo lipi. Unafiki ule ungefungwa kwenye magunia ungejaza behewa.

Tunu aliwatazama, akatema mate pembeni, akaenda sokoni.

Huko akainamia gunia. Akachomoa CD isiyo na jalada, akarudi nayo, akaitazama asubuhi bila sauti. Ilikuwa filamu ya nchi ya mbali, yenye theluji. Mzee mmoja amejitwika kengele kubwa mgongoni, anapanda nayo mlima. Anaanguka, anainuka. Haongei na mtu ila peke yake, na hapigani na mtu. Mwisho anafika juu, anaitua kengele, anakaa chini, analia. Tunu naye akalia, akiwa peke yake bandani, na wala hakuona aibu. Akajua amepata. Hakuna mwenye banda mwingine mjini ambaye angeichukua filamu ile hata kwa kubembelezwa.

Chande alipoonyeshwa akakunja uso. "Dada Tunu, hii ni filamu au adhabu? Mtu anabeba kengele saa nzima! Nitasema nini mimi?"

"Nyamaza. Iache ijiseme yenyewe."

"Ijiseme? Watu watadai viingilio vyao."

Jioni watu wakajaa, na kweli, hata robo ya filamu hawakufika wakaanza kuguna. Chande akashika kipaza sauti. Akawaambia kwamba mzee yule alimfukuza mwanawe, mwana akapotelea ng'ambo ya milima, na sasa baba anaipandisha kengele kileleni aipige, ili popote alipo mwana asikie, ajue njia ya nyumbani. Mzee alipoanguka, Chande akanong'ona, "Mwanangu, nisubiri." Mzee alipolia, Chande akanyamaza. Ndiyo mara ya kwanza mtu yule kunyamaza mahali panapostahili. Banda zima likawa linavuta kamasi.

Mgeni alikuwa mlangoni. Asubuhi yake akaibeba filamu hadi kwenye msiba wa jirani, akaisimulia kwa waombolezaji. Ila mdomoni mwake ilibadilika. Kwa Mgeni, mwana hakupotea ng'ambo yoyote. Alikuwa nyuma ya baba yake njia nzima, hatua kwa hatua, akimwita, "Baba, nipe nikusaidie." Lakini kengele ilikuwa ikigongagonga mgongoni, na mzee hakusikia kitu isipokuwa kengele yake.

Pale msibani alikuwapo Mzee Lugome, fundi wa reli mstaafu. Mtu huyu hakuwahi kukanyaga banda la video, na alikuwa hajamsemesha mwanawe Deusi kwa miaka. Deusi alichelewa kumzika mama yake. Alifika kaburi limeshafukiwa, na baba akamwambia asikanyage tena uani kwake. Deusi akapanga chumba nyumba ya tatu kutoka hapo. Kila asubuhi alimsalimia baba yake barabarani, na kila asubuhi baba alitazama reli.

Mgeni alipofika pale kwenye kengele inayogonga, Mzee Lugome akasimama, akaacha kahawa yake, akaenda nyumba ya tatu akabisha hodi. Mtaa mzima ukatoka kuchungulia. Walimwona mzee amemshika mwanawe mabega, na Deusi analia kama mtoto mdogo.

Hapo ndipo kokoto zilipomiminika. Kopo la mzee na kengele likajaa, wakaleta ndoo. Walioiona filamu wakapiga kura, na ambao hawakuiona wakapiga kwa kelele zaidi. Ikawa ya kwanza katika orodha, mbele ya ndevu zote za pamba.

Bwana Kidunda akaitisha mkutano ukumbini akabidhi ufunguo. Wakasimama watu watatu kwa mpigo.

Tunu akasema, "Mwenyekiti, nani aliitoa hii filamu kwenye gunia? Bila jicho langu ingekuwa bado iko sokoni, na hawa wawili wangekuwa mmoja anawapayukia maneno ya kuchonga kwenye filamu za ngumi na mwingine anauza vitumbua baridi."

Chande akasema, "Jicho! Watu walikuwa wanasinzia, mwenyekiti. Mimi ndiye niliyewapa mwana. Ondoa maneno yangu, inabaki nini? Mpagazi na mzigo wake."

Mgeni akashusha beseni. "Nyie wote mliishia kwenye lile banda lenu la bati. Mzee Lugome alikuja kwenye banda? Watu walipiga kura kwa ajili ya nini, kama si kwa ajili ya mlango wa Deusi? Na mlango ule nani aliufungua?"

Kidunda akaangalia nyuma yake, hakuona mtu wa kumsaidia. Akasema basi tuitazame filamu yenyewe, tuone inasema nini, ndipo tuamue. Ikawekwa kwenye runinga ya ukumbi, na kwa kuwa ni ya ukumbi, haikuwa na kitambaa cheusi. Mwalimu mmoja wa sekondari akaombwa asome maandishi yapitayo chini na kuyaeleza. Chande akaanza kutafuta mlango kwa macho.

Mwalimu akasoma. Mzee yule alikuwa mwizi. Kengele aliiiba kijiji cha jirani ili akaiyeyushe auze shaba, na mlima ulikuwa njia ya kukimbilia. Mwana hakuwapo, si wa kupotea wala wa kufuata nyuma. Maneno aliyojisemea njiani yalikuwa matusi kwa wanakijiji. Na pale juu, alipoitua kengele akalia, pale palipoliza banda zima, mwalimu alisita, akafuta miwani, akasoma: "Mgongo wangu. Aa, mgongo wangu."

Hebu fikirini: mtaa mzima, na shehe wake, na mchungaji wake, umeipa taji la roho filamu ambayo haikuwahi kutengenezwa na mtu yeyote. Wajumbe wa Kamati ya Maadili wakaanza kukagua kucha zao. Waliopiga kura kwa kelele sasa wakadai kuwa wao tangu mwanzo waliishtukia.

Tunu aliona watu wanamgeukia. "Mimi sikusema ana mwana," akasema kwa hasira. "Nilimwona mzee amechoka, amefika mwisho, na alichobeba hakimfai kitu. Maandishi hayajafuta hilo. Mtazameni tena usoni, kama mna macho."

"Na mimi sikumdanganya mtu," akasema Chande. "Kuna aliyekuja bandani kutafuta ukweli?"

Mgeni alikuwa akimtazama Mzee Lugome.

Wote wakamtazama. Mzee alikuwa amekaa mstari wa mbele, Deusi ubavuni mwake. Kidunda akamwendea kwa unyenyekevu. "Shikamoo, mzee wangu. Wewe ndiye uliyeguswa. Sasa umesikia, ni hadithi ya mwizi mwenye mgongo mbovu. Tuambie, nani alikugusa?"

Mzee Lugome akauliza, "Mnataka msamaha wangu niurudishe?"

"Hapana, mzee, hatujasema hivyo."

"Basi mniache. Mwanangu yuko hapa. Mpeni mnayempa, ila wawili watakaokosa wasije uani kwangu kunililia." Akashika mkono wa Deusi, wakatoka, na hakuna aliyethubutu kuwazuia.

Kidunda alifanya alichofanya maisha yake yote. Akaahirisha. Akasema waende wakale, uamuzi utatolewa alasiri, akatia ufunguo mfukoni.

Chande yuko kijiweni anajisifu, ila leo hacheki. Mgeni amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, vitumbua hajakaanga. Na vijana wa mtaa wameshaanza kung'oa bati za banda, kwa kuwa mwisho wa mwezi ni leo. Tunu amelikunja godoro lake, amelisimamisha kando ya njia, na yeye amesimama nalo. Kushoto ni ukumbini. Kulia ni kwa shemeji.

Alasiri ndiyo hiyo inaingia, na Kidunda, kama nilivyowaambia, hawezi. Kwa hiyo nawaachia nyie, mliokaa hapa mkitikisa vichwa kana kwamba Mataruma ni mbali na kwenu. Msiniambie wagawane, chumba ni kimoja, na wale watatu hawawezi kukaa kimoja hata wakiwa wagonjwa. Msiniambie asipewe mtu, maana mlango wa Deusi ulifunguliwa kweli, na haukujifungua wenyewe. Yuko aliyeiona, yuko aliyeitia maneno, yuko aliyeyafikisha. Haya, toeni mikono mashavuni: ingekuwa ufunguo uko mfukoni mwako wewe, ungemwekea nani mkononi?