Bi Mashavu na Zimwi la Ndevu za Ndago

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na shamba.

Likawaje?

Likawa uchi.

Likavikwa na nani?

Haya, kaeni vizuri.

Hapo kale, katika nchi ambayo hata mimi, niliyetembea mpaka viatu vikaniomba talaka, sijaifikia, palikuwa na kijiji kiitwacho Mwangaweni. Watu wake walipenda usafi kupita kiasi. Walilima, kisha wakafagia. Ndiyo, walifagia shamba! Jani likianguka, linaokotwa. Ganda likidondoka, linaokotwa. Bua likilala, linaokotwa. Vyote hupelekwa bondeni vikachomwa moto, na udongo ukabaki mtupu kama kiwanja cha ngoma.

Na kijiji hicho kilikuwa na zimwi.

Kila mwaka, maboga yakikomaa, zimwi hilo lilipita kukagua. Shamba ambalo gugu limempita mwenyewe goti, mwenyewe analiwa. Bila chumvi, bila ndimu. Kwa hiyo watu walipalilia asubuhi, wakapalilia mchana, wakapalilia jioni, migongo ikapinda kama kulabu. Na kadiri walivyopalilia, ndivyo ndago, yale magugu sugu ya vinundu, zilivyoongezeka.

Basi alikuwako mjane mmoja, Bi Mashavu, mwanamke wa kicheko na ngoma. Mwaka huo kiuno chake kilikataa kuinama. Msilisingizie jembe! Alikiumiza harusini, akimfundisha bibi harusi namna kiuno kinavyozungushwa. Kikalia ka! Bibi harusi akaendelea, mwalimu akabebwa.

Siku moja akaja jirani yake, Bwana Fumu, ambaye shamba lake lilikuwa safi kuliko kitanda chake.

"Hodi, Bi Mashavu! Hujambo?"

"Sijambo, ila kiuno."

"Pole. Nimekuja kwa habari ya kile chungu chako kikubwa."

"Kimefanya nini?"

"Hakijafanya kitu. Lakini ukishaliwa, nani atakitumia?"

"Bwana Fumu! Sijaliwa bado!"

"Ndiyo maana nimewahi, mama. Wengine wako njiani."

Bi Mashavu akacheka, maana kucheka ndiko alikokuzoea. Lakini mgeni alipoondoka, akalitazama shamba lake, akakitazama kiuno chake, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Basi siku hiyo jua likiwa utosini, kijiji kizima kimejilaza, yeye alikuwa chini ya dungu, kile kibanda cha kulindia ndege. Usingizi umemkimbia. Mara akasikia kishindo: ti, ti, ti. Zimwi! Limeshusha ndevu mpaka magotini, ndevu za kijani. Likasimama katikati ya shamba, likatikisa kidevu, likaimba:

"Ndevu zangu, shukeni!
Udongo u uchi, uvikeni!
Jembe likija, zaaneni!"

Unywele mmoja mmoja ukaanguka, na pale ulipogusa udongo pakachipua ndago. Zimwi likaenda zake, ti, ti, ti.

"Kumbe!" akasema Bi Mashavu. "Tunapalilia ndevu za mtu!"

Lakini jicho lake likaona jambo jingine. Kulikuwa na mkeka wake mkuukuu, alioanikia kunde akasahau kuuanua. Pembeni mwa mkeka, ndago. Juu ya mkeka, nywele zimekauka kama dagaa. Akaufunua kwa ncha ya mkongojo. Chini yake udongo mweusi, una unyevu, nyungunyungu wanajipitia kama wenye nyumba. Ndago? Hata moja.

"Loo! Udongo haukubali kukaa uchi. Nisipouvika mimi, utavikwa na zimwi."

Basi kesho yake akasimama njiani, wakati watu wanapeleka taka bondeni.

"Jamani, msichome! Nimwagieni mimi!"

"Takataka hizi?" Bwana Fumu akashangaa. "Za nini?"

"Naulisha udongo, mwanangu. Una njaa na unaona haya."

"Maskini, woga umempanda kichwani," wakanong'onezana. Lakini nani apendaye kushuka bondeni juani? Wakamwaga mizigo yao kwake, wakarudi nyumbani mapema.

Bi Mashavu akazilaza ndago kwa mguu. Juu yake akatandika mikeka chakavu. Juu ya mikeka, samadi ya mbuzi na maganda ya ndizi. Juu ya samadi, majani makavu ya migomba. Vyote kwa mguu na mkongojo, bila kuinama. Akatoboa tundu kwa mkongojo, akadondosha mbegu ya boga toka juu, kama mcheza bao anayetia kete. Akatandika, akamwagia maji, akalala.

Zimwi likaja. "Ndevu zangu, shukeni! Udongo u uchi..." Nywele zikatua juu ya majani, zikakauka. Bi Mashavu akatandika, akamwagia maji, akalala.

Zimwi likaja tena. Nywele chache zikapenya majani, zikakuta samadi, zikakuta mkeka, zikakuta giza, zikafa zimepauka. Bi Mashavu akatandika, akamwagia maji, akalala. Chini huko taka zilikuwa zikigeuka mboji, nyeusi, yenye harufu ya mvua ya kwanza.

Zimwi likaja mara ya tatu, limekasirika. Likatikisa kidevu, likatikisa, likatikisa, mpaka ukabaki unywele mmoja. Likaung'oa kwa mkono, likautumbukiza kwenye tundu la shina la boga.

"Huu utatosha," likasema.

Na kweli ulitosha. Kwa mboji ile, ndago hiyo ilirefuka kama muwa.

Siku ya ukaguzi ikafika. Bwana Fumu alikuwa amejificha ndani ya pipa la maji, maana katika udongo wake mtupu ndago zilikuwa zimemshinda jembe, zikampita goti. Lakini zimwi lilianza kwa Bi Mashavu. Likatambaa katikati ya maboga makubwa kama ngoma, likifunua majani, likinusa, mpaka likapiga ukelele.

"Hili hapa! Gugu! Tena refu! Leo nakula!"

Moyo wa Bi Mashavu ukaruka, lakini ulimi wake haukuwa na ugonjwa wa kiuno.

"Sheria yako ni goti la nani, bwana mkubwa?"

"Goti la mwenye shamba."

"Basi pima gotini kwangu, usije ukaambiwa umekula kwa dhuluma. Nami siwezi kuinama, wala siwezi kukanyaga huko. Lilete hapa."

Zimwi, kwa njaa yake, likalishika gugu likavuta. Udongo ule ulikuwa laini kama mkate wa kumimina. Gugu likatoka lote, na mizizi yake, na vinundu vyake, pwaa! Zimwi likaja mbio, likalisimamisha kando ya mguu wa Bi Mashavu.

"Limepita goti! Limepita!"

"Limepita kweli. Sasa niambie, gugu liko wapi?"

"Mkononi mwangu."

"Na shambani kwangu limebaki gugu?"

Zimwi likageuka, likatazama. Likatazama mkono wake. Likatazama tena shamba.

"Ahsante kwa kunipalilia, baba," akasema Bi Mashavu.

Nguvu za zimwi zilikuwa ndevuni, na ule ulikuwa unywele wake wa mwisho, limeung'oa lenyewe na mizizi. Papo hapo likaanza kusinyaa. Likawa kama mtu, likawa kama kuku, likawa jepesi kama pumba.

"Nihurumie, mama! Nitaishije?"

"Kwa kazi. Niletee majani."

Likawa upepo, likaenda kutafuta majani.

Bwana Fumu akatoka pipani, maji yanamchuruzika.

"Bi Mashavu, zile taka zangu... waweza kunirudishia?"

"Zimekuwa maboga, mwanangu. Chukua moja. Tena chukua na chungu ukalipikie, kesho nirudishie."

Siku hiyo Mwangaweni walikula boga la nazi, wakapiga ngoma, na Bi Mashavu akacheza. Kwa mabega tu.

Hadi leo upepo ukikuletea majani mlangoni, ni zimwi lile linatumikia adhabu yake. Usiyachome: ni chakula cha udongo wako.

Hadithi yangu imeishia hapo, imejifunika majani, imelala. Na funzo lake ni hili: ardhi usiyoivika wewe, itavikwa na magugu.